Lebo ya Bonde la Nyabisaka

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo mikono yangu inatafuta kitu cha kushika. Ni siku niliyokaa juu ya jiwe pembezoni mwa pori la Makere, nikaandika kwa penseli mistari mitatu ya uongo. Sikuiba kitu cha mtu, sikumtukana mtu, na hakuna aliyeniona. Niliandika tu. Na kwa mistari ile nusura nimuue mzee aliyenifundisha kazi.

Wewe ni mjukuu wangu, najua, lakini leo nakuita mwanangu kwa sababu maneno yenyewe ni mazito na sitaki uyasikilize kama hadithi ya bibi. Nakueleza kwa ajili ya lile ulilolisema juzi, ulipokuja hapa Heru Juu kuniaga. Ulisema umepata kazi ya kuorodhesha mimea ya porini, kwamba mtaanzia Kibondo kisha mwende mpaka Kasanda, na kwamba kila kitu kinajazwa kwenye simu. Nilifurahi mpaka nikakupikia samaki, migebuka ya ziwani. Halafu ukasema wenzako wa mwaka jana walijaza nusu ya fomu wakiwa wamekaa kwenye kibanda cha chipsi pale Kibondo mjini, kwa sababu mabonde mengine yanatisha na njia hakuna. Nilipokukodolea macho ukacheka, ukasema, "Bibi, kwani nani atakwenda kuangalia?"

Niligeukia chungu changu, ukadhani sikusikia. Nilisikia vizuri sana. Kilichozeeka kwangu ni magoti, si masikio. Swali lako halijaniacha siku mbili hizi, na ndiyo maana nimekuita tena. Sasa weka hiyo simu kifudifudi, nikujibu.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nimetoka chuo cha misitu na cheti changu, na majivuno yangu yalikuwa makubwa kuliko cheti chenyewe. Nilipelekwa kufanya kazi ya kukusanya mimea chini ya Mzee Zabroni. Huyu alikuwa Muha wa huku huku kwetu, mrefu, mkavu, goti lake la kushoto limekakamaa na jicho lake moja limeanza kuingia ukungu. Zamani sana, akiwa kijana, alitembea na Mzungu wa kwanza kuja kukusanya mimea katika nyanda hizi. Watu walimwita Mzungu huyo Bwana Majani. Walitoka Kasulu kwa miguu mpaka Kibondo na kurudi, miezi na miezi, wakilala porini. Bwana Majani alimfundisha Mzee Zabroni majina ya vitabuni, na Mzee Zabroni akamfundisha Bwana Majani mimea yenyewe iko wapi na namna ya kurudi kambini mzima. Mimi naona aliyefundishwa jambo kubwa zaidi ni Mzungu, lakini hayo tuyaache.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachuma tawi lenye ua, au unang'oa mmea mzima na mizizi yake kama ni mdogo. Unaulaza kati ya kurasa za gazeti, gazeti juu ya gazeti, kisha unabana mzigo wote kwa vibanio, yaani mbao mbili za fito na mikanda, unakausha juu ya moto wa taratibu. Na kila mmea una lebo yake: umechumwa wapi, udongo wa namna gani, jirani yake ni mti gani. Mzee Zabroni alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Hakuandika lebo kambini hata siku moja. Alipiga magoti penye mmea, akachuma, na kabla hajasimama akatoa penseli kwenye kofia yake akaandika. Penseli, kwa sababu wino unakimbia mvua. Na kwa magoti, kwa sababu alisema mtu akishasimama na kuanza kurudi, kichwa chake kinaanza kupamba. Jani lisilo na lebo, alikuwa akituambia, wape mbuzi. Jani lenye lebo ya uongo hata mbuzi usimpe. Nilikuwa nacheka. Niliona ni mbwembwe za kizee.

Sasa kulikuwa na ua moja lililomkaa Mzee rohoni. Katika safari zao na Bwana Majani waliteremka bonde la Nyabisaka, upande wa mashariki wa Makere, wakalikuta ua dogo la zambarau lenye koo la njano, linatoka kwenye ardhi iliyoungua kabla mvua hazijaanza, bila jani hata moja. Chini yake lina kitunguu kilichojificha sana udongoni. Yalikuwa machache, wakachukua moja tu. Walipokuwa wakivuka mto Malagarasi mtumbwi ukapinduka, vibanio vikachukuliwa na maji, na ua likaenda navyo. Bwana Majani akapata homa, akarudi kwao, hakuonekana tena. Hivyo ua lile halikuwahi kufika kwenye kabati lolote la kuhifadhia mimea duniani. Lilikuwa ndani ya kichwa cha Mzee Zabroni peke yake, na jicho lake lilikuwa linafifia. Alitaka alione mara moja tena kabla giza halijamkuta. Hakulisema kwa kulalamika. Alilisema kama mtu anayekumbusha kwamba chumvi imekwisha.

Na Nyabisaka, mwanangu, si bonde la kwenda kutalii. Zamani watu waliishi kule. Kisha ukaja ugonjwa wa malale, serikali ya mkoloni ikawahamisha watu wote kwa pamoja, na pori likarudi kuchukua mashamba. Ukoo wa mama yangu ulitoka humo. Mama alikuwa akituambia kwamba mawe ya kusagia yaliachwa, kwa kuwa hakuna anayeweza kubeba jiwe kichwani siku ya kuhamishwa, na kwamba mtu akipita peke yake anasikia yakisaga. Nilikua na maneno hayo. Chuo hakikuyaondoa.

Wiki ile tulikuwa tumefikia Makere, nyumbani kwa Bi Skolastika, dada yake Mzee. Moto ulikuwa umekwisha kupita porini, ardhi ilikuwa nyeusi, mawingu yameanza kukusanyika. Ndiyo wakati wa ua lile. Lakini goti la Mzee lilikuwa limevimba, hawezi kushuka mteremko. Akaniambia niende mimi, pamoja na Elias. Elias alikuwa mrina asali, kijana ambaye wazazi wake walimleta kutoka Burundi akiwa mdogo, na pori lile alilijua kama unavyoijua hiyo simu yako. Mimi nikasema nitakwenda peke yangu. Asubuhi ile vijana wa pale walikuwa wamenicheka, wanauliza kama msichana wa chuo anajua kutofautisha muhogo na mti. Nikataka wanione narudi peke yangu, ua mkononi. Mzee akaniita mwanawe kwa Kiha, akasema kitu ambacho nakiomba ukikumbuke.

"Mwana wanje, fuata njia ya warina asali mpaka kwenye kijito. Ukishindwa kufika, rudi uniambie hukufika. Hiyo nayo ni habari."

Niliteremka na panga langu, kijembe kidogo na gazeti. Mwanzoni nilikuwa naimba. Miti imeungua mpaka kiunoni, majivu yanapanda kila ninapokanyaga, hakuna ndege. Kadiri ninavyoshuka ndivyo nilivyoacha kuimba, na sikumbuki ni wapi hasa niliacha. Nikaona kigae cha chungu kwenye majivu. Nikaona mstari wa minyaa, ile ya kuzungushia boma, imesimama yenyewe bila nyumba ndani. Hapo ndipo mwili ulipoanza kunisisimka. Nikajikaza, nikaenda hatua kadhaa nyingine. Kisha nikasikia kitu kinasaga.

Taratibu, mwanangu. Kinasaga, kinanyamaza, kinasaga tena. Sauti nzito ya kitu kigumu juu ya kitu kigumu, inatoka chini ambako nilikuwa natakiwa kwenda. Nikajiambia ni chui, maana chui akiguruma ni kama mtu anakata ubao kwa msumeno. Ona jinsi hofu inavyofanya kazi, mpaka nikajifariji kwa chui. Kikasaga tena. Sikujua panga limeniponyoka saa ngapi. Nilichojua ni kwamba nilikuwa napanda ule mteremko kwa mikono na miguu, mdomo umejaa majivu, na sikusimama mpaka nilipofika juu ya kilima ambapo naona moshi wa nyumba za Makere.

Niliogopa. Hilo si kosa, mwanangu, na asikudanganye mtu. Aliyetembea mapori haya bila kuogopa, basi hakuyatembea. Kosa langu lilikuja baadaye, nikiwa nimeshatulia, jua linawaka, hatari haipo tena.

Pale juu ya kilima, hatua chache kutoka njiani, niliona ua la zambarau lenye koo la njano. Nikalivuta kwa haraka, kikonyo kikakatika, kitunguu kikabaki ardhini. Ningeweza kuchimba. Lakini nilitaka kumaliza haraka nirudi. Nikalilaza kwenye gazeti. Kisha nikakaa juu ya jiwe, wala sikupiga magoti, nikaandika hivi: Bonde la Nyabisaka. Karibu na mawe ya kusagia, ng'ambo ya kijito, pale kijito kinapogawanyika mara mbili. Udongo mweusi wenye unyevu.

Kijito sikukiona. Mawe sikuyaona. Habari ya kijito kugawanyika niliitunga pale pale, kwa kuwa niliona maelezo yakiwa mafupi mno yatatia shaka. Niliipenda sana hiyo sehemu ya kugawanyika. Ilinogesha.

Mzee alilipokea gazeti kwa mikono miwili. Alilisogeza ua karibu na jicho zima, akalitazama muda mrefu, kisha machozi yakamtoka, hakuyafuta. Akasema ni lenyewe. Bi Skolastika akapiga vigelegele jikoni. Vijana walionicheka wakaja kuchungulia mlangoni. Mwanangu, sijawahi kusifiwa vile, na sijawahi kujisikia vibaya vile kwa wakati mmoja. Kisha Mzee akageuza kikonyo, akauliza kitunguu kiko wapi. Nikamwambia udongo ulikuwa mgumu na panga lilinipotea kwenye maji. Akasoma lebo yangu mara mbili, midomo inacheza. Akasema hakumbuki kijito kugawanyika, lakini miaka ni mingi, na maji hubadili njia.

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Ilibaki kufungua mdomo tu. Niliogopa aibu kuliko nilivyoogopa bonde.

Kesho yake nilipanda lori kwenda Kasulu kutafuta magazeti, yetu yalikuwa yamekwisha. Lori lilituharibikia njiani wakati wa kurudi, nikafika Makere siku ya tatu, nguo zimelowa kwa mvua ya kwanza. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Mzee. Bi Skolastika alinikuta mlangoni, ananitazama nyuma yangu kama anayetafuta mtu wa pili. Akaniambia Mzee aliondoka juzi asubuhi, goti limepungua kidogo, amesema anakwenda kuchukua kitunguu mwenyewe na jioni atarudi. Mvua iliponyesha walijipa moyo kwamba amelala kwenye kibanda cha warina asali. Elias alikuwa ametoka huko sasa hivi. Kibandani Mzee hayupo, na mvua imefuta nyayo zote.

Nilikaa chini pale pale kwenye tope. Elias akaja, panga begani, mkononi amebeba mwenge wa magome wa kufukizia nyuki. Akaninyanyua kwa mkono. Akasema wanaume wawili wameshatangulia upande wa kilima, sisi tushuke bondeni. "Dada, wewe ulifika," akasema. "Tangulia mbele."

Nilitangulia. Nataka uipate hiyo picha vizuri, kwa sababu mimi siwezi kuitoa kichwani. Mtu yuko porini, mzima au maiti hatujui, na mimi natangulia kumtafuta mahali ambapo sikuwahi kukanyaga, nainua mkono kuonyesha huku, tupite huku. Tulipita vigae. Tukapita minyaa. Nikasikia kinasaga, nikasimama, lakini Elias hata hakugeuza shingo. Alinyoosha kidole tu: miti miwili imeinamiana, matawi yanasuguana kwa upepo. Chini yake, wazi kabisa, yalikuwapo mawe ya kusagia ya watu wa kwetu, yamejaa maji ya mvua. Sauti ya miti ile ndiyo iliyonikimbiza. Nilikuwa nimebakiza hatua ambazo ungezitembea ukiwa umeshika pumzi.

Tukafika kwenye kijito. Tukaita. Hakuna. Juu kule tai wawili walikuwa wanazunguka, na nikajikuta nawahesabu tena na tena, nikiomba wasiongezeke. Elias akaniuliza nilivukia wapi.

"Pale kinapogawanyika," nikasema.

Elias alisimama. Alinitazama usoni, si kwa hasira, kwa namna ya mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. Akasema, "Kijito hiki hakigawanyiki, dada. Nimetundika mizinga kutoka hapa mpaka kwenye mafunjo. Hakigawanyiki popote."

Nikamwambia. Nikamwambia yote, kilima, jiwe, lebo, huku nimejishika kichwa. Nilitegemea anipige. Angenipiga ningemshukuru. Lakini Elias alikuwa anafikiri. Akageuka akatazama kijito kinavyoteremka na kupotea kwenye nyasi ndefu ambazo moto haukuzifikia.

"Basi anafuata maji," akasema. "Anatafuta yanapogawanyika. Huko chini kuna nyati."

Tukaanza kukimbia. Hatukuenda mbali, tukaona kitu cheupe kwenye tawi. Ni ukurasa wa gazeti, umechomwa kwenye mwiba. Mzee alikuwa ametoa kurasa kwenye mzigo wake mmoja mmoja, na pembeni ya kila ukurasa ameandika kwa penseli. Mvua ilikuwa imelainisha karatasi, lakini penseli ilibaki. Wa kwanza ulisema: Hapa kijito ni kimoja. Tukaendelea. Wa pili: Bado ni kimoja. Naendelea chini. Wa tatu ulikuwa umepinda kwenye mti uliovunjika, maandishi yameyumba: Nimeteleza. Mguu wa kulia umevunjika au umeteguka. Kijito ni kimoja. Naenda kwa fimbo.

Elias hakujua kusoma. Nilikuwa namsomea kwa sauti. Kila ukurasa nilikuwa nausoma kwa sauti, mimi mwenyewe, uongo wangu unajibiwa mstari kwa mstari na mtu aliyevunjika mguu. Mvua ilikuwa inamnyeshea mzee yule, yuko peke yake, anaogopa, naye bado anaandika alichokiona na asichokiona. Hakuna mahali alipoandika kwamba pengine kijito kinagawanyika mbele. Aliandika pale alipofika.

Ukurasa wa nne ulikuwa umetundikwa chini, karibu na ardhi, mahali ambapo mtu anayetambaa anaweza kufikia. Niliusoma kimyakimya kwanza. Elias akasema soma. Nikashindwa. Akasema soma, dada. Nikasoma.

"Sijapaona. Lakini msichana alipaona. Basi ni macho yangu."

Hapo nililia kwa sauti, na Elias akaniziba mdomo kwa kiganja, maana nyasi mbele yetu zilikuwa zinatikisika, na si kwa upepo. Tulisikia pumzi zao kabla hatujaziona pembe. Nyati, sijui wangapi, wamelala kati yetu na mafunjo. Na ng'ambo yao, juu ya kichuguu kikubwa kilichoota kichaka, niliona kofia ya Mzee Zabroni. Haikusogea.

Sikuwahi kuogopa vile kabla, na sijaogopa vile tena, hata nilipojifungua mama yako peke yangu njiani. Elias alilamba kidole akapima upepo. Akawasha mwenge wake kwa kiberiti alichokifunga kwenye mfuko, akaufunika majani mabichi mpaka moshi mzito ukatoka, na tukazunguka taratibu, tumeinama, mpaka upepo ukawa unapeleka moshi kwao. Nilishika shati lake kwa nyuma kama mtoto. Dume moja lilisimama, likatutazama kwa muda mrefu sana. Nilikuwa nasali kwa Kiha, Kiswahili chote kilinitoka. Kisha likapiga chafya, likageuka, na wote wakaondoka kwa kishindo kilichotikisa miguu yetu.

Mzee alikuwa hai. Midomo imepasuka, mguu umevimba mpaka kiatu kimepasuliwa kwa kisu, vibanio amevikumbatia kifuani. Elias alimpa maji kidogo kidogo. Alipotuona hakuuliza tumefikaje, wala dada yake yuko vipi. Alinishika mkono, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Nionyeshe kinapogawanyika."

"Hakigawanyiki, Baba," nikamwambia. "Sikufika. Ua nililichuma juu ya kilima, karibu na njia."

Alifumba macho. Kisha akaingiza vidole kwenye kofia, akatoa ile penseli, imebaki kipande cha urefu wa kidole kimoja, akanipa pamoja na ukurasa wa mwisho uliokuwa umebaki.

"Andika," akasema.

Nikamwuliza niandike nini.

"Hilo uliloniambia sasa hivi."

Nilipiga magoti juu ya kile kichuguu, nikaandika: Sikufika. Akaisoma kwa jicho lake zima. Akasema, "Hiyo nayo ni habari. Ningeipata siku ile, ningekuwa nyumbani."

Hayo tu. Hakunigombeza zaidi ya hapo, si siku ile tulipombeba kwa machela ya fito, wala siku nyingine yoyote, wala hakumwambia mtu. Mimi ndiye niliyemwambia Bi Skolastika, naye alinipa ugali bila kunitazama kwa muda wa wiki nzima. Mguu uliunga vibaya. Mzee Zabroni hakuingia porini tena, na jicho la pili likafuata la kwanza. Ua langu la kilimani, alipolichunguza vizuri baadaye, lilikuwa ndugu tu wa lile la bondeni, la kawaida, linaota kila mahali. Alikuwa amelitaka sana hata akalitambua lisilo lenyewe, na lebo yangu ndiyo iliyomsaidia kukosea.

Kila mwaka moto ukishapita mimi na Elias tulishuka Nyabisaka. Tulipekua bonde lile mpaka kwenye mafunjo. Kisha nilikwenda kukaa karibu na kiti chake nikamsomea lebo: Nyabisaka, penye mawe ya kusagia, nimefika, ua halikuonekana. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, mwanangu. Mtu kipofu anaambiwa kwamba kitu anachokitamani hakikuonekana, naye anaridhika, kwa sababu ni kweli. Alifariki bila kuliona. Elias ni babu yako. Hilo ulikuwa unalijua, lakini hukujua kwamba aliniposa huku akijua mimi ni mwongo wa namna gani.

Sasa nakupa nilichokuitia. Bonde likikutisha, rudi. Usione haya kurudi. Nenda na mtu anayelijua pori, usiende peke yako ili uonekane. Andika ukiwa bado pale pale, magoti yako yakiwa kwenye majani, na usipofika andika hukufika, hata kama hiyo simu ina kisanduku kimoja tu cha kujaza. Wenzako wakikucheka, waache wacheke, watachoka. Na maelezo yakianza kukunogea, simama ujiulize ni nini hasa ulichokiona.

Uliniuliza nani atakwenda kuangalia. Asiyekuamini hatakwenda, ana kazi zake. Atakwenda yule aliyekuamini. Atakwenda na goti bovu na jicho moja, na asipopakuta, atasema ni macho yake.

Chukua hii. Ndiyo, ni penseli ile ya Mzee, kipande cha kidole kimoja, usinicheke. Iweke kwenye begi lako pamoja na chaja zako. Mungu aliyenitoa kwenye mafunjo ya Nyabisaka akutangulie Kibondo na Kasanda, akukinge na pembe na meno, akupe mtu mwema wa kushika shati lake. Na kila mahali utakapoandika kwamba umefika, miguu yako iwe imetangulia.